Samansi Niliyojipelekea Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa cheti. Chifu wa Likoni wa wakati huo, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alinisimamisha mbele ya meza yake akaniuliza maswali matatu. Nyumba ya fundi baiskeli wa Timbwani ina milango mingapi? Miwili, nikasema, na wa uani hufungwa kwa kamba. Nani akaa nyuma ya msikiti mdogo, upande wa kisima? Nikamtajia watu wa nyumba nne, pamoja na waliohama.

"Na ukienda kwa mtu usimkute, wafanyaje?"

"Namngoja," nikasema.

Akamgeukia karani wake. "Mwandike."

Hivyo ndivyo nilivyoingia serikalini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikawa tarishi wa ofisi ya chifu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Shule niliiacha darasa la sita, mwaka ambao baba alifariki na mama akamfuata kabla hajatoka eda. Mimi ndiye kifungua mimba, na nyuma yangu walibaki wadogo watatu. Wa mwisho, Mwanasiti, alikuwa bado hajajua kutembea. Niliwalea kwa vitumbua. Kuvitembeza mlango kwa mlango ndiko kulikonifundisha Timbwani nyumba kwa nyumba, na nadhani hicho ndicho chifu alichokitaka kwangu, kwa kuwa kingine sikuwa nacho.

Kazi ya tarishi haikuwa kubeba chai, ingawa chai niliibeba. Kazi yenyewe ilikuwa samansi. Samansi ni karatasi ya wito: yamtaka mtu afike mbele ya chifu siku fulani, kwa shauri fulani. Kipande chake cha chini hukatwa kikarudi ofisini kikiwa na sahihi mbili, ya aliyepeleka na ya aliyepokea. Bila sahihi hizo shauri halisikilizwi. Siku ile ya kwanza chifu alinishikisha moja, akanionya.

"Sikiza, Mwanajuma. Samansi si mwaliko wa harusi. Haiachwi kwa jirani, haitumbukizwi chini ya mlango. Yatiwa mkononi mwa mwenyewe. Na mwenyewe akiwa ni mtu wako, shangazi yako, kaka yako, ni vile vile."

"Naam, Chifu."

"Usiniitikie haraka. Fikiri kwanza."

Nilifikiri, nikaitikia tena. Mengine ya kazi nilijifunza polepole. Kulikuwa na kitabu cha malalamiko, ambamo kila aliyefika ofisini na dukuduku aliandikwa jina na neno lake. Kulikuwa na baraza, yaani mkutano wa hadhara wa chifu, ambao tarishi ndiye aliyeupitishia habari mtaani siku tatu kabla. Na kulikuwa na wazee wa mtaa, ambao hawakulipwa wala hawakuvaa sare, lakini pasipo wao chifu hakujua mambo ya mlango wa pili.

Watu walinicheka sana mwaka ule wa kwanza. Hawakuwa wamezoea kuletewa habari za serikali na binti wa buibui. Mwashi mmoja, kila akiniona nakaribia, alitoa kichwa dirishani.

"Binti, leo waleta vitumbua au samansi?"

"Samansi."

"Basi mimi sipo."

"Haya," nikamwambia, "huyo asiyekuwapo nitamngoja hapa kizingitini." Nikakaa. Mkewe akaniletea maji, kisha akaniletea kashata, kisha akamwambia mumewe, "Toka utie sahihi, mtoto wa watu ataka kurudi kazini." Akatoka. Alipoipokea karatasi aliinusa, akasema serikali siku hizi yanukia iliki. Jina hilo lilinishika. Kwa muda mrefu mtaani niliitwa Serikali ya Iliki.

Sasa niwaeleze juu ya chachu, kwa sababu vijana wa leo wanunua hamira ya dukani na hawajui.

Vitumbua vya kwetu ni mchele uliorowekwa, ukasagwa, ukachanganywa na tui na iliki, kisha ukaachwa uumuke. Cha kuuumua siku zile kilikuwa ni tembo la mnazi, ile pombe inayogemwa mtini. Mgema hupanda mnazi alfajiri na kibuyu chake na kotama, kile kisu kilichopinda cha kukatia karara la maua ya mnazi. Tembo lililodondoka usiku kucha huteremka likiwa limeshaanza kuchemka lenyewe, nalo ndilo zuri kwa unga. Kikombe kimoja chatosha beseni zima. Bibi zetu walifanya hivyo, na walisema kikishapita motoni si tembo tena. Lakini katika nyumba zetu za Kiislamu neno tembo halikutamkwa jikoni. Tulisema chachu. Mtoto akitumwa, ametumwa chachu. Na mahali alikotumwa, ambako ni mangwe, yaani pale panapouzwa mnazi na walevi wakakaa kwenye mabao wakinywa, tulipaita kwa Mama Kadzo. Mtoto alikwenda kwa Mama Kadzo kuleta chachu. Maneno yote mawili ni safi. Unaweza kuyasema mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani.

Mama Kadzo alikuwa mjane wa mgema. Mumewe alipofariki yeye alibaki na minazi ya kukodi, mabao manne na kata ya kupimia. Sikupata kusikia amemdhulumu mtu. Alikuwa na desturi ya watu wote wa biashara wa kwetu, kwamba mnunuzi haondoki bila nyongeza. Ukinunua mchicha, waongezwa shina. Ukinunua samaki, waongezwa dagaa. Mtoto akija kununua chachu, Mama Kadzo alimjazia kikombe cha nyumbani, kisha akamtilia kidogo katika kifuu cha nazi akamwambia, "Na hii ni yako, mwanangu, kwa miguu yako." Mtoto akainywa pale pale.

Sote tulijua. Sote tulikuwa tumeinywa utotoni.

Nilikuwa nimefika mwaka wa nne kazini siku mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alipokuja ofisini. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la chai, kwa hiyo nilisikia yote.

"Chifu," alisema, "watoto wa darasa la nne na la tano walala kabla ya saa nne. Nilidhani ni njaa. Jana nimeinama kumwamsha mmoja, nikasikia harufu."

"Harufu ya nini?"

"Wewe mtu wa Likoni waniuliza mimi?"

Chifu akavuta karatasi. "Wangapi?"

"Niliowanusa ni kumi na mmoja. Mmoja ametapika juu ya daftari. Mwengine mikono yamtetemeka, akiulizwa asema ni baridi. Baridi ya wapi, Chifu, hapa?"

Alimwachia orodha. Niliweka chai, nikatoka nikiwa na hasira kweli kweli. Nilimwambia karani kwamba wazazi wengine hawafai kupewa hata kuku wa kufuga. Karani alikaa mikono mitupu. Alikuwa amenyang'anywa kalamu: siku ile chifu aliandika samansi kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Zilikuwa kumi na mbili, kumi na moja za wazazi au walezi, na moja ya Mama Kadzo. Akanipa zote zikiwa zimekunjwa.

"Zote leo," akasema. Hakuniangalia.

Tarishi aliyezoea hasomi majina kwanza. Husoma mahali, akazipanga samansi kwa njia, aanze na mbali amalizie karibu, ili jua likizidi awe anaelekea kwao. Nami nilizipanga hivyo, mahali juu, jina ndani. Nilianza na nyumba za mwisho kabisa, nikarudi nyuma nyumba moja moja. Kila mlango nilikuta mama, na kila mama nilimtazama kwa jicho lile la mtu asiye na kosa.

Kwa Mama Kadzo nilifika adhuhuri. Alikuwa akifagia.

"Nimefanya nini?"

"Wawapa watoto tembo."

"Nani, mimi?" Aliegemeza ufagio ukutani. "Mimi nawapa nyongeza. Mtoto wa watu atembee asubuhi yote, arudi koo kavu? Mimi sikulelewa uchoyo." Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akabonyeza karatasi, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Na mdogo wako hajambo? Leo alibeba vikombe vitatu, maskini, na mikono ni miwili."

Nilimwambia hajambo. Nilikwenda zangu. Nasema kweli, maneno yale yaliniingia sikioni yakakaa pale mlangoni, hayakuingia ndani. Nyumbani kwetu kikombe kilikuwa kimoja. Sikujiuliza vile viwili vyengine ni vya nani.

Ikabaki samansi moja. Mahali palipoandikwa ni njia yetu, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Nilisimama kisimani nikahesabu nyumba kwa macho. Ndipo nilipoifungua. Jina lilikuwa langu, kwa mwandiko wa chifu ulionyooka: mlezi wa Mwanasiti, darasa la tano.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Wanawake waliokuja kuteka maji walinisalimu, nikawaitikia. Nakumbuka wazo lililonijia kwanza, na laniaibisha mpaka leo: kwamba ni mimi tarishi, naweza kuichana. Kisha nikaingia ndani, nikakaa juu ya kinu, nikatia sahihi mahali pa aliyepeleka. Nikahamisha kalamu nikatia sahihi mahali pa aliyepokea. Sahihi mbili za mkono mmoja. Siku ya kwanza chifu alikuwa ameniambia nifikiri kwanza.

Mwanasiti aliporudi kutoka shuleni nilimwita.

"Abee, Dada."

"Njoo karibu. Fungua kinywa."

Alifungua. Alikuwa ametafuna karafuu.

"Mwanasiti, wanywa tembo?"

"Sinywi tembo, Dada. Wallahi sinywi." Na macho yake yalikuwa ya mtu asemaye kweli. "Nanywa nyongeza."

Nikamuuliza vikombe vitatu ni vya nani. Akanieleza kwa fahari kidogo. Alikuwa akiwapitia majirani wawili alfajiri, awaletee chachu wao wasisumbuke. Wakamsifu, mtoto mwema, mtoto wa huruma. Vikombe vitatu ni nyongeza tatu. Jumapili mgema hapandi minazi, kwa hiyo Jumapili kichwa humuuma mpaka jioni, na nimekuwa nikimkanda kwa mafuta ya nazi nikidhani ni jua.

"Ukiacha, wahisi nini?"

Alifikiri. "Nahisi kama kuna mtu aniita na simuoni."

Alikuwa na miaka kumi na moja. Nimesikia mengi ofisini kwa machifu, lakini sijasikia neno lililonitia baridi kama lile. Hapo nikajua kwamba shauri lile si la wazazi wengine. Nilikuwa nampoteza mtoto ambaye mama alinikabidhi akiwa anatambaa, nilikuwa nampoteza kwa mkono wangu, na kikombe kilikuwa changu.

Shauri lilisikilizwa Alhamisi, katika chumba kikubwa cha ofisi, viti havikutosha. Wanaume waliokuja walikuwa wachache, wengi walikuwa ni akina mama wa vitumbua na mahamri. Chifu alisoma orodha bila kupandisha sauti. Wanaume wakaanza: ni walevi wa bara walioharibu mtaa. Mama mmoja akasema ni Mama Kadzo, mangwe yake ifungwe leo. Wakamwitikia wengi. Karatasi ya kuifunga ilikuwa tayari mezani, imebaki muhuri.

Mama Kadzo alisimama pembeni, leso mkononi.

"Kweli nimewapa," alisema. "Sikatai. Lakini nami nauliza. Watoto hawa walikuja kwangu kufuata nini? Walipotea njia?"

Mzee mmoja nyuma akanong'ona, "Chachu," na mkewe akamfinya.

Tarishi hasemi katika shauri. Hukaa karibu na mlango na vipande vya samansi, akitajwa mtu huthibitisha kuwa alipokea. Ndiyo sheria, na nilikuwa sijaivunja. Nilisimama nikaenda mezani.

"Chifu, samansi ya kumi na mbili imefika. Mpokeaji ni mimi."

Hakushtuka. "Soma."

Nilisoma jina langu na la Mwanasiti. Nikasema, "Kila alfajiri nilimpa kikombe. Nilimwambia, kalete chachu. Sikumwambia kalete tembo. Lakini ni tembo, na mimi ndiye niliyemtuma." Nikabaki nimesimama pale mezani.

Mbele kabisa alikaa Bi Mwanakombo. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo, amewasomesha Kurani nusu ya wanawake waliokuwa pale, na mama zao. Mjukuu wake alikuwa katika orodha. Sikupata kusikia mtu amemjibu Bi Mwanakombo kwa sauti ya juu, wala hata kusimama mbele yake na kichwa wazi. Aliinuka taratibu, akishika bega la aliyekaa karibu.

"Na mimi," alisema. "Mahamri yangu mnayala miaka arubaini. Na mimi nimetuma."

Akakaa.

Kisha akainuka wa nyuma yake. "Na mimi." Kisha wa dirishani. Mmoja baada ya mwengine, wanawake ambao wasingelitaja jambo lile mbele ya waume zao ndani ya vyumba vyao, walisimama mbele ya serikali wakalitaja. Yule aliyetaka mangwe ifungwe alikuwa wa mwisho, alilia kabla hajasema. Chifu alikuwa amevua kofia yake. Sidhani alijua ameivua. Mimi nimeona wakubwa wakipokewa kwa ngoma na askari wakisimama mistari, lakini kama kuna siku niliyoona kitu kikubwa kimeingia chumbani, ni siku ile, na kiliingia na wanawake wa vitumbua.

Chifu aliikunja ile karatasi ya kufunga. "Sasa niambieni," akasema. "Nikiifunga hii, kesho mtatuma watoto mangwe gani?"

Waliomba wajadiliane wenyewe. Walikaa uani mpaka alasiri, na walipotoka walikuwa na sharti moja tu, ambalo Bi Mwanakombo alilisema na mimi nikaliandika katika kitabu. Atakaye chachu ataiendea mwenyewe kwa miguu yake, na akifika ataitaja kwa jina lake. Atakayeona haya kulitaja, duka liko, hamira iko.

Nilidhani hakuna atakayekwenda. Kesho yake chifu alinituma kwa Mama Kadzo alfajiri nikashuhudie. Kulikuwa na makuli waliotoka zamu bandarini, wapata wanane, kwenye mabao. Kukapambazuka, na njiani akatokea Bi Mwanakombo, buibui limefungwa vizuri, kikombe cha bati mkononi, akitembea katikati ya njia ambapo kila mtu aweza kumwona.

Walevi walisimama wote. Mmoja alificha kata nyuma ya mgongo, tembo likamwagika miguuni. "Shikamoo, Bibi," wakasema, kama watoto wa chuo.

"Marahaba. Kaeni, kaeni, sikuja kwenu." Akamgeukia Mama Kadzo. "Nipimie tembo."

Alilisema neno. Kwa sauti yake ile ya kusomeshea, herufi zote zikatoka. Mama Kadzo alimjazia kikombe, kisha mkono wake kwa mazoea ukashika kifuu cha nyongeza, ukasimama hewani.

Bi Mwanakombo akakitazama. "Hiyo vipi?"

"Nimezoea, Bibi."

"Zoea mengine."

Kuli mmoja akacheka, akajizuia, kisha wote wakacheka, na Bi Mwanakombo mwenyewe nikaona mabega yamtikisika. Tangu siku hiyo mtoto akifika pale na kikombe Mama Kadzo alimrudisha kwa maneno yale yale: "Mwambie mama aje mwenyewe." Yakawa msemo wa mtaa. Hata muuza mafuta ya taa aliyatumia kwa kichekesho. Wanawake wengi walihamia hamira ya duka kwa sababu ya haya, na wengine kwa uvivu, na mimi nilihama siku hiyo hiyo.

Lakini nisiwadanganye kwamba Mwanasiti alipona siku hiyo. Yeye hakuwa kikombe, useme umekiweka kabatini. Kwa siku kadhaa alitetemeka, alitapika, aliniambia simpendi. Jioni nilikaa naye tukachambua mchele, nikamfanya ahesabu chuya ili akili iwe na la kushika. Wiki ya tatu alitoroka shuleni. Nilimtafuta tangu saa nne, samansi zangu zikiwa hazijapelekwa, mara ya kwanza na ya mwisho katika utumishi wangu. Nilikwenda kwa Mama Kadzo nikamkuta ametoka, mangwe imefungwa mchana mweupe. Nikarudi nyumbani kungoja, kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda.

Walitokea wakiwa wawili, wameshikana mikono. Mama Kadzo alikuwa amemkuta kwenye mangwe nyengine, mbali, ambako mtu mzima mmoja aliyekuwa akinywa alimsogezea kata yake akisema mtoto mzuri, chukua. Mama Kadzo alikuwa amesikia tu kwamba ameonekana upande huo, akafunga biashara akamfuata.

Alisimama kizingitini, hakutaka kuingia.

"Huyu leo hakunywa kwangu," aliniambia. "Lakini mimi ndiye niliyemfunza ladha. Kila siku akitoka shuleni na apite kwangu nimuone, kisha aje kwako. Nikimkosa nitafunga tena nimtafute."

"Mama Kadzo, biashara yako?"

"Itangoja."

Alifanya hivyo mwaka mzima. Mtoto alipita mangweni kila siku kuonekana kuwa hajanywa, na walevi wakamzoea, wakamwuliza hesabu za shule. Siku za mapumziko Mama Kadzo aliwaendea wenye mangwe wengine mmoja mmoja, watu wa kazi yake, akawaeleza habari ya nyongeza. Wengine walimtukana. Mmoja alimuuliza kama amesilimu. Alirudi kwao tena. Mimi nilikuwa na muhuri wa chifu nyuma yangu, yeye alikuwa na leso yake tu, na wengi waliacha kwa sababu yake kuliko kwa sababu yetu.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilihamishiwa Kisauni, ofisi ya Mkuu wa Tarafa, ambaye ndiye mkubwa wa machifu. Huyu alikuwa kijana msomi kutoka bara, mwepesi wa hasira, mwenye haki. Kule Mishomoroni, mtaa mmoja wa Kisauni, hakukuwa na shida ya chachu. Kulikuwa na harusi. Mjomba wa bwana harusi akitaka kuonyesha furaha, humpa mpwawe wa miaka kumi na mitatu bia, watu wakapiga makofi. Kila ngoma ilihitaji kibali, karatasi ya ruhusa, na mimi ndiye niliyevipeleka. Nilimwomba mkubwa aongeze msitari mmoja: mwenye shughuli atamtaja mtu mmoja mzima, kwa jina, atakayeangalia watoto wasipewe kileo.

"Mama, hiyo si kazi ya tarishi," aliniambia.

"Najua, mkubwa. Ni ya atakayetajwa."

Alinitazama, kisha akataka kujua nimeitoa wapi fikra hiyo. Nikamweleza habari ya Timbwani, nikiwa nimesimama, mpaka chai ikapoa. Aliuongeza msitari. Nikagundua jambo ambalo sikulitegemea: mtu akishatajwa jina lake katika karatasi, hata mlevi, hujibeba. Nilimwona mwashi mmoja wa machimbo ya Mwakirunge, mnywaji mashuhuri, amekaa mlangoni mwa harusi ya dadake usiku wote na chupa ya soda, akiwakagua vijana kama askari. "Nimeandikwa," aliwaambia. "Mniache."

Miaka ya tisini nilikuwa Changamwe, kwa machifu wawili waliofuatana, na huko nikastaafu miaka mingi baadaye. Hayo sitayaeleza, kazi ilikuwa ile ile na miguu ilikuwa imechoka.

Vijana huniuliza kama tulishinda. Siwezi kusema hivyo. Mangwe zipo, na sasa kuna vichupa vidogo vinavyoingia mfuko wa sare ya shule, na kila kichupa kimefika pale kwa mkono wa mtu mzima. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba kwa miaka yote niliyoijua Timbwani baada ya shauri lile, sikumwona tena mtoto njiani alfajiri na kikombe. Hakupigwa mtu, hakufungwa mtu. Watu walikubali kuitwa kwa majina yao. Sikujua binadamu wana nguvu hiyo, na kama nisingeliona kwa macho yangu ningelisema ni hadithi.

Na Mwanasiti yupo. Ni mama wa watoto wanne. Mwaka jana tulikuwa twaenda harusini, asubuhi mapema, tukakata njia katikati ya minazi. Alikuwa akinieleza habari za posa ya bintiye, na mwanamume aliyekuja kuposa hakumpendeza hata kidogo. Mgema akateremka mbele yetu na kibuyu kimejaa, povu juu, akatusalimu akapita. Mwanasiti akaiacha habari katikati. Akanishika mkono, akaubana, mtu mzima yule, tukatembea hivyo mpaka harufu ikaisha.

"Bado waitwa?" nikamuuliza.

"Bado, Dada."

"Miaka yote hii?"

"Kila asubuhi."

Kisha akauachia mkono wangu akaendelea na habari ya yule mposaji pale pale alipoiachia, pua yake, viatu vyake, mama yake. Nami nikawa namwitikia "enhe" tu, mpaka tukafika harusini.